Wasomaji Wanauliza: Mtoto wa Malezi ya Kambo Anapokaribia Miaka 18

Toleo lililopita la jarida hili lilieleza kwa ufupi namna mtoto asiye na wazazi anavyoweza kupokelewa na familia nyingine kwa utaratibu wa malezi ya kambo. Barua zilizofuata zimetoka sehemu nyingi za Mkoa wa Kigoma, na zilizo nyingi haziulizi namna ya kumpata mtoto, bali namna ya kumvusha mtoto ambaye tayari yupo nyumbani na anakaribia kuwa mtu mzima. Ninajibu kama mtetezi wa watoto ambaye kazi yake ni kwenda na kurudi kati ya familia hizo, ofisi za ustawi wa jamii na vikao vya halmashauri. Mimi si mwanasheria, na pale jambo linapohitaji wakili nimesema hivyo. Majina ya walioandika nimeyaacha, kwa kuwa ukimtaja mlezi umemtaja na mtoto.

Mwakeye dada. Mwaka 2014 jirani yangu alifariki akaniachia mtoto wa kiume wa miaka 6. Baba yake hatukumjua. Ilisemekana ni mvuvi aliyerudi upande wa Kongo. Nimemlea pamoja na wanangu, na sasa shule inadai cheti cha kuzaliwa wakati mimi sina hata kadi yake ya kliniki. Mtu mmoja mtaani amenishauri nimwandikishe kwa jina la mume wangu kama mtoto wetu wa kuzaa, mambo yaishe. Nifanye hivyo? — Mama wa Gungu

Mama, usifanye hivyo, hata kama aliyekushauri alikuwa na nia njema. Kumpa msajili wa vizazi maelezo ya uongo ni kosa la jinai, lakini hata tukiliweka kosa hilo kando, hasara kubwa itamwangukia mtoto mwenyewe. Bila shaka kijana huyu aliandikishwa shuleni kwa jina la ukoo wa mama yake, namba yake ya PREM, yaani namba ya mwanafunzi katika kumbukumbu za Baraza la Mitihani, inabeba jina hilo, na ndilo litakalotoka kwenye cheti cha mtihani wa kidato cha nne. Cheti cha kuzaliwa kikisema jambo jingine, ataingia ujanani akiwa anazunguka na viapo vya kueleza kwa nini yeye ni watu wawili. Zaidi ya hayo, ikiwa marehemu aliacha chumba, kiwanja au mashina machache ya michikichi kwao, karatasi inayosema kwamba kijana ni mtoto wako wa kuzaa itakuwa imemwondoa kwenye urithi wake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamkataza mtu yeyote kumnyima mtoto manufaa ya mali iliyoachwa na mzazi wake, na ulinzi huo utakuwa umemvua wewe uliyemlea.

Njia iliyo sahihi ni ndefu kidogo, lakini inapitika. Anza kwa afisa ustawi wa jamii wa kata au wa manispaa, umweleze habari yote bila kuficha kwamba kwa miaka hii yote hukuwahi kutoa taarifa. Huyo si mtu wa kukukamata, ni mtu wa kuandika. Atafanya uchunguzi wa kijamii nyumbani kwako, atazungumza na kijana akiwa peke yake, kisha ataandika taarifa ambayo ndiyo itakayofungua milango mingine yote, ukiwamo mlango wa kukutambua rasmi kuwa mlezi. Wakati huohuo kusanya kila kinachoweza kusimama badala ya kadi ya kliniki: barua ya mtendaji wa mtaa, maelezo ya mkuu wa shule kutoka kwenye rejesta ya uandikishaji, cheti cha ubatizo ikiwa alibatizwa, na watu wazima wawili waliomfahamu mama yake akiwa mjamzito. Ikiwa mama alifia hospitali ya Maweni au kituo kingine cha afya, fuatilia pia usajili wa kifo chake, kwa sababu siku kijana atakapoomba mkopo wa elimu ya juu kama yatima, Bodi ya Mikopo itataka cheti cha kifo kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, na hadithi ya majirani haitatosha. Nafasi ya jina la baba isijazwe jina la kubuni.

Ninakuhimiza ufanye haya kabla hajatimiza miaka 18, na sababu yake wakazi wa mkoa huu wanaifahamu. Kigoma inapakana na Burundi kwa nchi kavu na Kongo kwa maji, na maombi ya kitambulisho cha Taifa hapa hupitia kwa maafisa wa uhamiaji kwa uangalifu ambao vijana wa Dodoma au Iringa hawaujui. Malalamiko yake yamefika hata bungeni. Mwombaji anaulizwa babu yake mzaa mama alizikwa kijiji gani, shangazi zake wameolewa wapi, shamba la ukoo linapakana na la nani. Kijana aliyekulia kwao hujibu haraka kwa sababu amehudhuria matanga hayo na kulima shamba hilo. Kijana wa malezi ya kambo hunyamaza, na ukimya wake huandikwa kama jibu. Kwa hiyo, mama, ukiwa bado na nafasi, mtafute mjomba au bibi upande wa marehemu, iwe ni Kalinzi, Mwandiga au kokote, mpeleke kijana akaonane nao, na daftarini yaandikwe majina ya ukoo hadi babu wa babu pamoja na vijiji vyao. Daftari hilo si hati ya serikali, lakini nimeona likimsaidia kijana kujibu maswali saba mfululizo bila kutetemeka.

Shikamoo. Nilikulia kwenye makao ya watoto tangu nikiwa na miaka 5. Mwezi niliotimiza miaka 18 niliambiwa muda wangu umekwisha. Nilipewa godoro, tranka na nauli ya kufika Kasulu kwa shangazi ambaye sikuwahi kumwona. Shangazi ana watoto sita na anajitahidi, lakini naona ninavyomlemea. Nimemaliza kidato cha nne. Je, sheria inasema kwamba basi, imekwisha? — Kijana wa Kasulu

Marahaba, mdogo wangu. Kwa maneno ya sheria, mtoto ni mtu mwenye umri wa chini ya miaka 18, na amri ya mahakama inayomweka mtoto chini ya malezi haiwezi kuvuka umri huo. Kwa kawaida hata haivuki miaka mitatu bila kurudishwa mahakamani. Kwa hiyo aliyekwambia muda umekwisha hakuvunja sheria kwa kuangalia kalenda. Ulichonyimwa ni maandalizi. Kijana hapaswi kukutana na shangazi yake kwa mara ya kwanza akiwa amebeba godoro. Alitakiwa kumtembelea likizo, shangazi alitakiwa kufikiwa na kuulizwa uwezo wake, na wewe ulitakiwa kuulizwa kama unataka kwenda huko, kwa sababu Sheria ya Mtoto inampa mtoto haki ya kutoa maoni katika mambo yanayohusu ustawi wake.

Kuna jambo katika sheria hiyohiyo ambalo huwa ninalitaja kila ninapopewa nafasi ya kusema. Baba aliyeamriwa na mahakama kutoa fedha za matunzo anaweza kuamriwa aendelee kutoa hata baada ya mtoto kutimiza miaka 18, ikiwa mtoto bado anasoma au yuko kwenye mafunzo. Mtunga sheria alikiri, basi, kwamba kijana wa miaka 18 aliye darasani bado anahitaji mkono. Lakini pale ambapo serikali na jamii ndizo zilizosimama mahali pa baba, wajibu wa namna hiyo haujawekwa kwa uzito uleule. Mimi naona hilo ni pengo la haki, na ndilo ninalotaka lizibwe kabla ya mengine.

Nchi nyingine zimepitia hapo. Marekani ilipitisha sheria mwaka 1999 ya kutenga fedha za kuwaandaa vijana wanaotoka kwenye malezi ya kambo, na mwaka 2008 ikaruhusu majimbo kutumia fedha za serikali kuu kuwahudumia hadi miaka 21; jimbo la California lilitunga sheria yake mwaka 2010 na kuanza kuitumia mwaka 2012. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 2014, iliwapa vijana wa huko nafasi ya kubaki na familia zilizowalea hadi miaka 21 pale kijana na mlezi wanapokubaliana. Jirani zetu wa Kenya wana mkakati wa miaka 10, kuanzia 2022 hadi 2032, wa kuhamisha malezi kutoka kwenye makao kwenda kwenye familia. Sitaki tuige bajeti za watu, kwa sababu hatuna. Ninachotaka tuige ni kwamba katika nchi hizo vijana waliolelewa hivyo walisimama wenyewe mbele ya watunga sheria wakaeleza usiku wao wa kwanza baada ya kuondoka ulikuwaje, na ushuhuda wa namna hiyo ni vigumu kuupinga kwa takwimu.

Kwako wewe, sasa. Nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya yalipo makao yaliyokulea, uombe kuona jalada lako na kupata nakala za vilivyomo: amri ya mahakama, taarifa ya uchunguzi, cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki, hata picha. Ukiambiwa jalada halionekani, omba jibu hilo kwa maandishi; mara nyingi majalada yaliyopotea huonekana pale mtu anapotakiwa kusaini kwamba yamepotea. Kisha waone Chuo cha Maendeleo ya Wananchi cha Kasulu au VETA Kigoma, ukiwa na barua ya afisa ustawi wa jamii inayoeleza hali yako, uulize ada, bweni na uwezekano wa kulipa kwa awamu. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo asilimia 4 yake ni ya vijana, ilirejeshwa katika mwaka wa fedha 2024/25 baada ya kusitishwa mwaka 2023, lakini hutolewa kwa vikundi, na kikundi kinahitaji watu wanaoaminiana na wenye vitambulisho. Watafute wenzako mliokua pamoja. Mnafahamiana kuliko vikundi vingi ninavyoviona vikiundwa wiki moja kabla ya fomu kutolewa.

Na shangazi yako mwambie wazi kwamba unatafuta pa kusimama. Watu wazima hulemewa zaidi na mgeni asiyesema mpango wake.

Mimi ni mzee wa Ujiji, Mwislamu. Tumeombwa na ofisi ya ustawi tumpokee binti wa miaka 9. Mke wangu anataka, mimi ninasita, kwa kuwa dini yetu hairuhusu kumgeuza mtoto wa mtu kuwa wa kwako kwa nasaba. Je, malezi ya kambo si jambo lilelile? — Mzee wa Ujiji

Shikamoo mzee wangu. Si jambo lilelile, na kusita kwako kuna msingi, kwa sababu mambo mawili haya huchanganywa hata na watumishi wa ofisi. Kuasili hufanywa kwa amri ya Mahakama Kuu. Hukata uhusiano wa kisheria kati ya mtoto na wazazi wake wa kuzaa, na kumfanya mtoto wa aliyemwasili kwa jina na kwa urithi. Malezi ya kambo hayafanyi hivyo. Binti atabaki na jina lake na ukoo wake, mlango wa ndugu zake kumrudia utabaki wazi, na wewe utakuwa mlezi aliyekabidhiwa amana. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unaitaja kafala ya Kiislamu katika ibara ya 20 kama njia mojawapo ya halali ya kumlea mtoto aliyekosa familia, na ibara hiyohiyo inataka dini na utamaduni wa mtoto vizingatiwe wakati wa kumtafutia mahali.

Masuala mawili yatabaki mezani kwako. La kwanza ni mali: hatakurithi, lakini ukitaka kumwachia kitu una njia ya wosia, ndani ya theluthi, au zawadi ukiwa hai. La pili ni stara ndani ya nyumba pale binti atakapobalehe, hasa kama una vijana wa kiume. Hilo lizungumze na mke wako na shehe mnayemwamini kabla ya kusaini, wala usimfiche afisa ustawi wa jamii, kwa sababu naye ana wajibu wa kuangalia binti atalala chumba gani na pamoja na nani. Nimewahi kuona familia ikikataliwa kwa sababu ya chumba, na uamuzi huo ulikuwa sahihi.

Nimepewa kijana wa miaka 15 na ofisi ya ustawi. Mimi ni mvuvi wa dagaa hapa Kibirizi na wanangu wote wamejifunza kazi hii kwenye mtumbwi. Naruhusiwa kwenda naye ziwani?

Usiku, hapana. Sheria ya Mtoto inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, lakini inakataza mtoto kufanyishwa kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, na dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa saa hizohizo, kwa taa, usiku wa giza. Sheria hiyo haiwatengi watoto wako wa kuzaa, na ninajua jibu hili halipendwi ufukweni. Kuanika dagaa mchana, kushona nyavu na kujifunza hesabu za mnada baada ya masomo ni mambo mengine. Ila uelewe kwamba mtoto aliyekabidhiwa kwako atatembelewa, na afisa akimkuta anasinzia darasani kila mwezi unapofifia, ataulizwa yeye na utaulizwa wewe.

Je, serikali inalipa posho kwa anayemlea mtoto wa kambo? — Mama wa Kibondo

Hakuna mshahara wala posho ya kila mwezi, mama. Malezi haya, pamoja na yale ya familia za kuaminika zinazompokea mtoto kwa muda mfupi wa dharura, hutolewa kwa kujitolea. Kinachoweza kupatikana ni elimu ya bure ya msingi na sekondari kama kwa mtoto mwingine yeyote, barua ya msamaha wa matibabu pale afisa ustawi wa jamii anaporidhika na hali ya kaya, na kwa kaya zilizo tayari kwenye mpango wa TASAF, mtoto huyo kutajwa miongoni mwa wanakaya. Sikubaliani na wanaosema kwamba posho ingewavuta watu wenye tamaa. Tamaa huzuiwa kwa uchunguzi mzuri na ziara za mara kwa mara, na mama anayegawa sahani moja ya ugali kwa mtoto wa saba hapaswi kuthibitisha upendo wake kwa kuongeza umaskini.

Nafundisha jirani na kambi ya Nyarugusu. Kuna mtoto wa Kirundi aliyepotezana na wazazi wake, na mimi na mume wangu tungependa kumchukua nyumbani. Tuanzie wapi?

Anzieni kwa kutomchukua, mwalimu. Mtoto mkimbizi aliyetengana na wazazi wake yuko chini ya Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 pia, na akitolewa kambini bila kibali anaweza kukosa mgao, kukosa kumbukumbu na, lililo baya zaidi, kukosa kupatikana pale mama yake atakapomuulizia. Ndani ya kambi zipo familia za jamii yake zinazopokea watoto wa namna hiyo, na Chama cha Msalaba Mwekundu kina huduma ya kuwatafuta ndugu waliopotezana. Toeni taarifa kwa wahudumu wa ulinzi wa mtoto kambini. Mkitaka kumsaidia, mumtembelee mkiwa na idhini yao.

Mimi ni diwani. Katika kikao chetu limetolewa pendekezo la kutafuta wafadhili ili tujenge makao ya watoto katika wilaya yetu. Wewe umekuwa ukipinga. Unapendekeza nini badala yake, na sisi madiwani tuna mamlaka gani, ikiwa sheria zinatungwa Dodoma? — Diwani

Mheshimiwa, yapo makao yanayofanya kazi njema, na wapo watoto ambao kwa muda hawana mahali pengine salama. Ninachopinga ni jengo kuwa jibu la kwanza. Miongozo ya Umoja wa Mataifa kuhusu malezi mbadala, iliyopitishwa mwaka 2009, inasema kwamba umaskini peke yake haupaswi kuwa sababu ya kumtenga mtoto na familia yake, nami nimekutana na watoto wengi kwenye makao ambao wana mama mzima, hai, asiye na uwezo wa kununua sare na chakula. Jengo likishakuwepo vitanda hutafutiwa watoto. Fedha ya bweni moja ingeweza kuwabakiza wengi wao kwa bibi zao.

Kuhusu mamlaka, mnayo zaidi ya mnavyoambiwa. Sheria ya Mtoto inaipa serikali ya mtaa wajibu wa kulinda na kuendeleza ustawi wa watoto walio katika eneo lake, kwa hiyo hili si hisani ya halmashauri. Wizara yenye dhamana ya maendeleo ya jamii na makundi maalum hutunga sera na miongozo, lakini afisa ustawi wa jamii ni mtumishi wenu, yuko chini ya TAMISEMI, na anakwenda kazini kwa usafiri ambao bajeti yenu imempa au haikumpa. Nimekaa na afisa ambaye kata zake zinafika milimani mpakani na hana pikipiki. Jalada la mtoto aliyempeleka kwa mlezi lilikuwa na karatasi ya siku ya makabidhiano, na baada ya hapo kurasa tupu. Hakuwa mzembe. Nauli ya kwenda na kurudi aliitoa mfukoni mwake mpaka ikamshinda. Kanuni za malezi ya kambo za mwaka 2012 zinategemea ziara za huyu mtu, na Mahakama ya Watoto, ambayo katika wilaya zetu ni mahakama ya mwanzo iliyoteuliwa, huamua kwa kusoma taarifa yake. Asipofika kijijini, hakimu anaamua gizani.

Ninachopendekeza kwanza, basi, ni fungu dogo lenye jina lake katika bajeti ya mapato ya ndani, si chini ya kichwa cha jumla ambapo humezwa na semina. Fungu hilo lilipe usafiri wa ziara, gharama za vyeti vya kuzaliwa kwa watoto waliovuka miaka 5 (wadogo zaidi husajiliwa bure katika ofisi za kata na vituo vya afya, chini ya mpango ulioanzia Mbeya mwaka 2013), na mwaka mmoja wa mafunzo ya ufundi kwa kila kijana anayetoka kwenye malezi. Jambo la pili halihitaji fedha: kamati za ulinzi wa wanawake na watoto, zilizoundwa hadi ngazi ya kijiji kwa MTAKUWWA, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto ulioanza mwaka wa fedha 2017/18, ziandikishe kila mtoto anayelelewa nje ya kwao, wakiwamo wale waliopokelewa kimyakimya kama yule wa Gungu hapo juu. Wananchi nao wakumbushwe namba 116, ambayo ni simu ya bure ya kutoa taarifa kuhusu mtoto, na Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi.

Kuhusu Dodoma, milango ipo. Kamati za Bunge hualika maoni ya wadau kila muswada unapofika kwao, na mwaka 2024 Bunge lilipitisha marekebisho ya sheria kadhaa za ulinzi wa mtoto. Mikoa ya pembezoni haisikiki vya kutosha katika vikao hivyo, na sababu mojawapo ni nauli tu. Upo pia mlango wa mahakama. Rebeca Gyumi, mtetezi wa haki za wasichana, alifungua shauri kupinga vifungu vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 vilivyoruhusu binti kuolewa akiwa na miaka 15, au 14 kwa kibali cha mahakama. Alishinda Mahakama Kuu mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha ushindi huo mwaka 2019. Mfano huo unanipa moyo na kunitahadharisha kwa pamoja: Mahakama Kuu ilitoa mwaka mmoja wa kurekebisha, na mwaka huo ulipita bila vifungu hivyo kubadilishwa. Ndiyo maana sipendi tuweke matumaini yote katika kitabu cha sheria huku jalada la wilaya likiwa na kurasa tupu.

Makadirio ya bajeti huanza kuandaliwa miezi ya mwisho ya mwaka, na baraza lenu huyapitisha kabla Bunge la bajeti halijaanza Aprili. Katika kikao kijacho, Mheshimiwa, kabla ya mjadala wa jengo, muombe mkurugenzi alete maandishi yenye majibu ya maswali matatu: ni watoto wangapi katika halmashauri yetu wanalelewa na wasio wazazi wao kwa karatasi ya serikali, wangapi kati yao walitembelewa mwaka huu wa fedha, na wangapi watatimiza miaka 18 kabla ya Juni 30. Akiomba muda wa kuhesabu, mpeni, lakini tarehe ya majibu iandikwe kwenye muhtasari.